Watoto na Kompyuta: "Azungumza na Nani?"

Mwezi wa Shaaban uliopita mama yangu mzazi alikuja Nairobi kututazama. Ni mtu wa Kibokoni, Mombasa, umri wake umekwisha kupita miaka 70, na safari za bara hazipendi. Hulalamikia baridi, hulalamikia maji, na hulalamikia chai yetu ambayo asema haina hiliki. Alifika nyumbani kwetu Buruburu baada ya Alasiri. Wajukuu wake wawili wa kike wakaja mbio, wakamwamkia shikamoo na kumbusu mkono. Wa tatu, mvulana wa miaka 12, hakuonekana. Mama akangoja. Alipoona kimya kimezidi alijiinua, akaenda mwenyewe hadi mlangoni pa chumba chake.

Alimkuta ameketi kitandani, kompyuta i mapajani, hedifoni masikioni, anacheka na kusema kwa sauti kubwa kama mtu aliye barazani na wenzake. Mama alisimama pale muda wa kutosha mtu kumaliza kikombe cha kahawa. Mjukuu hakugeuka. Aliporudi sebuleni hakukasirika, na hilo lilinitia hofu kuliko kama angalikasirika.

"Mwanangu, huyu azungumza na nani?"

"Na wenziwe, mama."

"Wenziwe wa wapi?"

"Wa huko kwenye mchezo."

"Wawajua?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemnunulia mtoto chombo kile kwa fedha zangu, namlipia intaneti kila mwezi, na kumbe mimi baba mtu sijui ni nani anayekaa naye chumbani kila jioni kutoka Alasiri hadi usiku. Mama hakuongeza neno. Aliomba maji ya kutawadha.

Kabla sijaendelea, niseme jambo la lugha. Magazeti yetu na vitabu vya shule hukiita chombo hiki tarakilishi, na kile cha mapajani kipakatalishi. Ni majina mazuri, na waliotunga walitoka jasho. Walakini sijapata kumsikia mzazi yeyote wa Buruburu akimwambia mwanawe azime kipakatalishi. Mimi nitasema kompyuta, na msomaji atanielewa.

Msomaji wa Lamu au Malindi ambaye hajafika huku huenda akauliza Eastlands ni wapi. Ni mitaa iliyopangana mashariki ya mji wa Nairobi, kuanzia Pumwani na Kariakor, kupitia Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Jericho na Buruburu, hadi Umoja, Dandora na Kayole. Sisi watu wa Pwani si wageni wa jana huku. Pumwani, hasa Majengo, imekuwa na Waislamu na nyumba za Kiswahili tangu miaka ya 1920, na jina la Kariakor lenyewe ni kumbukumbu ya wapagazi waliochukuliwa katika vita vya 1914 hadi 1918, vile Vikosi vya Wachukuzi ambavyo Mzungu aliviita Carrier Corps. Wazee wetu walikuja huku na misikiti yao, vyuo vyao na baraza zao. Katika hayo matatu, misikiti ipo, vyuo vipo. Baraza ndiyo iliyotupotea.

Nataka nikae kidogo juu ya neno hilo baraza, kwa maana naona ndipo penye kiini cha jambo. Mtoto wa Mji wa Kale alicheza nje, na alicheza mbele ya macho. Wazee walikuwa wameketi barazani na kahawa yao, mama zetu walikuwa madirishani, na mtu mgeni akipita kichochoroni alitoa salamu, akajibiwa, akaulizwa ni wa nani na aenda wapi. Hakuna mtu mzima aliyeweza kukaa na mtoto saa tatu kisha wazazi wasijue jina lake. Ilikuwa ni ulinzi, ijapokuwa hakuna aliyeuita ulinzi. Sasa kompyuta nayo ni baraza, na ni baraza kubwa kupita zote, kwa kuwa watu wa dunia nzima wanakaa juu yake. Lakini hao hawatoi salamu kwa wenye nyumba. Wanaingia, wanakaa na mtoto wetu, wanaondoka, na sisi tuko chumba cha pili tunatazama habari.

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya kale, na kwamba hata runinga ilipoingia tulilia hivi hivi. Ni kweli tulilia. Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, na mimi nakumbuka utotoni tukijazana madirishani kwa jirani aliyekuwa nayo, huku wazee wakisema dunia imekwisha. Lakini tofauti moja hawaisemi. Ile Sauti ya Kenya ilifungua jioni na kufunga usiku. Ukipigwa wimbo wa taifa mchezo umekwisha, hata uwe mkaidi namna gani, kilichobaki ni vumbi jeupe kwenye kioo. Kituo chenyewe kilimlaza mtoto. Zaidi ya hayo kilikuwa kimoja, na nyumba nzima ilitazama kitu kimoja; likitokea la aibu, baba alikohoa na mtu akainuka kuzima. Kompyuta haina wimbo wa taifa. Mchezo ukiisha mwingine unaanza wenyewe bila ya kuombwa, na ajuaye kilichomo ni yule aliyevaa hedifoni.

Tena haikuingia kwetu kwa kupenda kwetu sisi wazazi. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika kila nyumba 100 za Kenya, nyumba zenye kompyuta za aina yoyote hazikufika 10. Serikali ilikuwa imeahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza katika uchaguzi wa 2013, na vile vibao vya shule vikaanza kugawiwa 2016, lakini hivyo vilibaki shuleni. Kilichotuvunjia mlango ni Corona. Shule zilifungwa Machi 2020, na madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Masomo yakawa redioni, kwenye runinga na kwenye intaneti. Mzazi aliyeweza alikwenda mjini akanunua kompyuta kuukuu. Aliyeshindwa alimpa mtoto simu yake. Sote tulisema ni kwa muda tu. Wahenga walikwisha kutufundisha kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wetu amekaa miaka, hana jembe, na amehamia chumba cha kulala.

Madaktari nao wamesema yao. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto asiyefika mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Madaktari wa watoto wa Marekani walisema karibu hayo hayo mwaka 2016, na kwa watoto wakubwa hawakutaja saa maalum, walisema tu kwamba kila nyumba iweke mpaka na isimame juu yake, na kioo kisile usingizi wala michezo ya mwili. Lililonishtua mimi ni la macho. Katika mji wa Guangzhou huko China watoto wa darasa la kwanza wa shule kadhaa waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, wale waliotolewa nje, watoto 30 katika 100 walikuwa wameingiwa na ugonjwa wa kutoona mbali. Wale waliobaki kama desturi, karibu 40 katika 100. Dawa yenyewe ilikuwa mwanga wa mchana, na huo Mwenyezi Mungu ametupa sisi bure, mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima.

Serikali nyingine zimeona wazazi wameshindwa, zikaingia wenyewe. China iliamua mwaka 2021 kwamba aliye chini ya miaka 18 asicheze michezo ya intaneti ila saa moja, kutoka saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na siku za sikukuu. Australia ilipitisha sheria Novemba 2024 ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii, ikaanza kazi Desemba 2025. Sisi tunayo Sheria ya Watoto ya 2022, nayo imegusa madhara anayotendewa mtoto kwa njia ya mtandao. Ni vyema. Lakini wallahi sitaki afisa wa serikali aje Buruburu kumlaza mwanangu. Kule China kwenyewe watoto walikimbilia akaunti za watu wazima. Mtoto atakayekosa mlezi nyumbani hatampata kwenye gazeti rasmi la serikali.

Sasa nieleze nilivyofanya mimi, na nilivyokosea, kwa kuwa sipendi kuandika kama mtu aliyeshuka na busara yake kutoka mbinguni. Mama aliporudi Mombasa niliichukua kompyuta nikaifungia kabatini na ufunguo nikautia mfukoni. Sikueleza. Nilisema basi. Wiki tatu nyumba ilitulia, nami nikajipiga kifua mbele ya majirani. Wiki ya nne nikakutana na ustadhi wa chuo baada ya Ijumaa, akaniuliza kama kijana ni mgonjwa, kwa kuwa hajamwona siku nyingi.

Mgonjwa! Kila Jumamosi alikuwa akitoka na msahafu wake mkobani. Nilipofuatilia nikamkuta katika kibanda kimojawapo, vibanda hivi ambavyo Eastlands vimejaa, chumba kimoja chenye giza, vioo vinne vitano, na vijana wamebanana kwenye benchi, kila mchezo una bei yake. Pembeni walikuwako watu wazima wanawekeana fedha juu ya magoli ya watoto. Mwanangu alikuwa kwenye benchi, msahafu miguuni. Hapo ndipo nilipoona kwamba kufuli langu halikupunguza hata dakika moja ya kioo. Nilikuwa nimeihamisha ile baraza kutoka nyumbani kwangu kuipeleka mahali pabaya zaidi, na juu yake nimemfundisha mtoto uongo.

Tulirudi nyumbani kimya. Nilipomuuliza kwa nini asicheze nje na wenziwe, alinijibu kwa adabu, na jibu lake sijalisahau. "Baba, nje wapi?"

Nilitaka kumkemea, kisha nikatoka nikatazama. Walioijenga Buruburu miaka ya 1970 na 1980 walizipanga nyumba kuzunguka viwanja, zile koti zetu, ili mama aliye jikoni amwone mtoto wake. Kaloleni iliyojengwa miaka ya 1940 ilipewa nafasi za wazi na nyasi katikati. Leo katika koti yetu kila mwenye nyumba amesogeza ukuta, amejenga vyumba vya kukodisha, na pale palipobaki pamesimama magari. Mimi mwenyewe gari langu limesimama juu ya mahali ambapo pangechezwa kati na bano. Mtoto akipiga mpira, mtu anatoka kulilia kioo cha gari. Na watu wanashangaa mbona watoto hawatoki!

Mitaa hii imetoa wachezaji. Victor Wanyama na nduguye McDonald Mariga walipita shule ya Kamukunji. Wanyama akawa Mkenya wa kwanza kutia bao katika mashindano ya mabingwa wa Ulaya, pale Celtic ilipoifunga Barcelona Novemba 2012. Hawakufika huko kwa kubofya. Uwanja wa Camp Toyoyo pale Jericho upo, na ni furaha kuuona umejaa vijana. Lakini kiwanja kimoja hakitoshi watoto wa Jericho, seuze wa Buruburu na Umoja. Kwa hiyo, wazee wenzangu mnaopunguza saa za kompyuta, ulizeni pia saa hizo mnazozirudisha mnazirudisha wapi. Sisi katika koti yetu, baada ya maneno mengi na ugomvi mmoja mkubwa, tumekubaliana magari yatoke Jumapili asubuhi hadi Adhuhuri. Jambo hili dogo lilitaka mikutano mitatu. Tena ziko maktaba za mji, ya Kaloleni na ya Makadara, ambazo shirika la Book Bunk lililoanzishwa 2017 limezishughulikia zikapendeza. Mwanangu huenda moja yao siku za likizo. Haendi kwa furaha kila mara, lakini huenda.

Kompyuta ilitoka kabatini. Sasa inakaa sebuleni, juu ya meza ndogo, kioo kimeelekea kochi ninaloketi mimi, na hedifoni ni marufuku ila kwa somo. Mke wangu analalamika kwamba meza imeharibu mpango wa makochi. Na iharibu. Nyumba ikijaa kelele za mchezo najua angalau ni kelele za nani. Nimejifunza majina ya wale wanaocheza naye: mmoja ni mtoto wa mtaa wa Donholm, mwingine ni binamu yake wa Likoni ambaye sikujua kabisa kwamba wanaonana humo kila wiki kuliko sisi wazazi wao tunavyoonana. Watatu hatukuwajua, wala yeye hakuwajua. Hao tuliwaondoa, yeye na mimi tukiwa tumeketi pamoja, na aliona haya mwenyewe alipojaribu kunieleza ni akina nani.

Kuhusu saa, nilijaribu kupima kwa dakika nikashindwa. Mtoto wa leo ni wakili. Ukimwambia dakika 60 atakutetea kwamba kompyuta ilichelewa kuwaka, kwamba umeme ulipotea, kwamba mchezo haukatiki katikati. Nikakumbuka kwamba tunayo saa ambayo haibishaniwi. Huku kwetu karibu na ikweta Maghrib haihamihami. Hapa Nairobi mwaka mzima iko kati ya saa kumi na mbili na dakika kama 20 na saa moja kasorobo. Basi kazi ya shule ikiisha, kioo ni baada ya Alasiri, na adhana ya Maghrib ikisikika kimezimwa, hakirudi hadi kesho yake. Baada ya Isha ni chakula na kulala. Jumamosi chuo kwanza. Ajabu ni kwamba hakunibishia sana. Nadhani mtoto hachukii mpaka. Huchukia mpaka unaohama kila baba akiwa na hasira.

Ugumu ulikuwa kwangu. Usiku wa kwanza tu, tulipokuwa tunakula, simu yangu ililia nami nikaitazama, kisha nikabaki humo. Nilipoinua uso watoto watatu walikuwa wananitazama, hakuna aliyesema neno. Tangu siku hiyo simu yangu nayo huwekwa kwenye sinia juu ya kabati la vyombo pamoja na ya mama yao, kutoka Maghrib hadi baada ya chakula. Nakiri kwamba mara mbili nimeitoa kwa siri nikaenda nayo chooni.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni mke wangu aliyenionyesha, na naona wanaume wenzangu hawalisemi. Muda wote huu nilikuwa nalia juu ya mvulana. Mabinti zangu wawili hawakuwa na tatizo la kompyuta, nami nikawasifu kwa hilo mbele ya wageni. Mke wangu akaniambia, "Baba Fulani, hawana tatizo kwa sababu hawaipati. Akiingia huyu kutoka shule akaa. Wao waingia, mmoja achuja nazi, mmoja aosha vyombo. Wewe wamhesabia saa anazokaa. Hebu wahesabie wenziwe saa wanazosimama."

Lahaula! Nilihesabu. Yule mkubwa, mwenye miaka 14, katika wiki nzima aliigusa kompyuta chini ya saa moja, na hiyo ni kwa kazi ya shule. Na shule zenyewe ndizo zinazotaka ajue: mwaka 2022 taasisi yetu ya mitaala, KICD, iliidhinisha mafunzo ya kuandika programu kwa watoto wa shule. M-Pesa ilianza Kenya 2007, Ushahidi ikatengenezwa hapa Nairobi 2008 wakati nchi inaungua. Vitu hivi vilivyotupa jina duniani havikutengenezwa na watu walionyimwa kompyuta. Kumbe nyumbani mwangu kijana mmoja alikuwa analewa kwa chombo hicho na wasichana wawili wana kiu nacho, na mimi naita hali hiyo malezi mema ya wasichana. Tunapoweka mpaka wa saa, basi tuangalie saa zilizopunguzwa zimekwenda kwa nani.

Tumezigawa. Siku tatu za wiki kioo cha jioni ni cha wasichana. Yule mkubwa anajifunza kuandika programu ndogo ya kuhesabu siku zilizobaki hadi Ramadhani. Bado inakosea, juzi ilisema Ramadhani ilikuwa jana. Mvulana alikuja kwangu na malalamiko yake, kwamba Jumanne ni zamu ya dada zake, magari hayatoki ila Jumapili, maktaba ni ya likizo, na sasa yeye afanye nini kutoka Alasiri mpaka Maghrib. Nilimwambia sufuria ziko jikoni.